Kwa Nini Tangi Linalong'aa Huua Samaki

Jumapili moja jioni mama jirani yangu alinigongea mlango. Nilimwamkia, akaitika haraka haraka, kisha akasema, "Mwanangu, hebu njoo uniangalizie hawa samaki. Wananiishia." Sebuleni kwake kulikuwa na tangi jipya la kioo la lita 60 hivi, kazi ya fundi wa madirisha ya aluminiamu wa mtaani kwetu. Siku kumi nyuma alikuwa ametia humo samaki wa mapambo wanane. Walibaki watatu, nao walikuwa wamening'inia juu kabisa, midomo inagusa uso wa maji, mashavu yanafunguka na kufumba mbiombio kama mtu aliyepanda ghorofa sita kwa ngazi. Maji yalikuwa maangavu kama ya chupa. Kioo kilikuwa kimesuguliwa hadi unajiona sura. "Sifongo ya pampu naiosha kila siku kwa maji ya bomba," akaniambia, "na changarawe nimeshaitoa yote mara mbili nikaiosha. Sasa uchafu uko wapi?"

Uchafu ulikuwepo, tena mwingi, ila si wa kuonekana kwa macho. Na kile ambacho kingeuondoa ndicho alichokuwa akikiosha na kukimwaga kila siku.

Kosa la mama huyu halikutokana na uzembe. Ni kosa la mtu mwangalifu, na watu waangalifu wamelifanya kwa zaidi ya miaka 150, kila kizazi kwa namna yake. Vioo vya matangi vimebadilika, pampu zimebadilika, taa zimebadilika, lakini historia yenyewe ya utayarishaji wa tangi la nyumbani ni historia ya swali moja: ni nini hasa kinachoyafanya maji yakalike? Jibu lilikuja kwa vipande, na kila kipande kilipofika, watu walibomoa walichokuwa wakikifanya wakaanza upya.

Tuanze na sumu yenyewe. Samaki anatoa amonia. Nyingi haipiti kwenye mkojo. Inapita kwenye matamvua, yale mashavu mekundu anayopumulia, muda wote akiwa hai. Chakula kilichobaki kikioza kinatoa amonia. Jani lililokufa, samaki aliyefia nyuma ya jiwe bila wewe kujua, vivyo hivyo. Mtoni inasombwa na maji, ziwani inamezwa na ukubwa wa ziwa. Ndani ya lita 60 haina pa kwenda. Haina rangi, na kwa kiasi kinachotosha kuunguza matamvua, pua yako haiinusi. Wale watatu walikuwa juu wakihangaikia hewa ilhali pampu inachemsha mapovu. Hewa haikupungua, matamvua ndiyo yaliyokuwa yameungua.

Kabla ya kioo, jambo hili halikuwatesa watu sana. Wachina walifuga samaki wa dhahabu kwa karne nyingi kwenye mabwawa, na baadaye kwenye vyombo vipana vya kauri vilivyo wazi juu, vikiwa na maji mengi na hewa tele. Samaki alitazamwa kutoka juu. Kioo ndicho kilichotufanya tumtazame ubavuni, na kioo ndicho kilichomwingiza sebuleni, kwenye maji kidogo.

Mwaka 1832 Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyekuwa akiishi Messina kisiwani Sicily, alitengeneza masanduku ya kioo ili amchunguze argonauta akiwa hai, yule jamaa ya pweza mwenye gamba jembamba kama karatasi. Hata hivyo, aliyeacha alama kwenye matangi ya majumbani ni mkemia wa London, Robert Warington. Mwaka 1850 aliwasomea wanakemia wenzake matokeo ya jaribio lake. Alichukua chombo kikubwa cha kioo, akaweka mchanga na tope chini, akatia samaki wa dhahabu wadogo na mimea ya Vallisneria, ile yenye majani marefu kama utepe. Baada ya muda majani yakaanza kuoza na maji yakachafuka. Akaongeza konokono wa majini, wakayala yaliyooza, maji yakatakata tena. Mimea inampa samaki oksijeni, samaki anaipa mimea kaboni dayoksaidi, konokono anafagia. Kila mmoja anamlisha mwenzake, wala hapahitajiki mkono wa mtu. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa umma, mwaka uliofuata maandishi ya Philip Henry Gosse yakalieneza jina la akwariamu, na matangi yakaingia kwenye nyumba za watu.

Wazo la Warington lilikuwa zuri, na uzuri wake ndio ulioleta matatizo. Watu walilishika kama sheria: tangi likishapata mizani, usiliguse. Maji hayabadilishwi, yanaongezwa tu yakikauka.

Hapa pana fundo la kwanza. Warington alipiga hesabu ya gesi. Hesabu ya amonia haikuwemo. Lakini mimea ya majini inaila amonia, tena wakati mwingine inaipenda kuliko chakula kingine chochote cha naitrojeni, na lile tope lake lilikuwa limejaa viumbe wasioonekana ambao kazi yao ni kuivunjavunja. Kwa hiyo tangi lake lilisimama kwa nguzo mbili ambazo yeye hakuzihesabu. Walioiga umbo lake, wakaweka samaki wengi, mimea miwili mitatu, pembeni pa chumba pasipo mwanga, hawakuelewa kwa nini la kwao linanuka.

Fundo la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana linaonyesha jinsi mtu anavyoweza kuona kitu cha kweli kabisa na kukifasiri kinyume. Hadi ndani ya karne ya 20, wafugaji wengi waliyaenzi maji ya zamani. Maji yaliyokaa tangini mwaka mzima, yenye rangi ya chai iliyopoa, yalihesabiwa kuwa hazina. Waliamini kwamba maji mapya yanaua, na ushahidi walikuwa nao. Mtu ana tangi la siku nyingi, samaki wazima, siku moja anaamua kuwafanyia hisani: anatoa nusu ya maji, anatia mapya. Asubuhi anaokota maiti.

Kilichotokea ni hiki. Amonia ikiwa majini ina sura mbili. Moja inapenya matamvua na kuua. Nyingine, iitwayo amoniamu, haipenyi kirahisi. Kinachoamua ipi itatawala ni pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, pamoja na joto kwa kiasi fulani. Kwenye maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sura inayoua ni chini ya sehemu 1 kati ya 100 za amonia yote. Kwenye pH 8 inakaribia sehemu 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi.

Sasa litazame tangi la yule bwana. Bakteria wanapoishughulikia amonia wanazalisha asidi, na asidi hiyo inakula pole pole ile chokaa iliyomo majini inayozuia maji yasichachuke. Miezi inapita, pH inashuka. Ikishuka vya kutosha, bakteria wenyewe wanazorota, na amonia inaanza kurundikana. Lakini kwa kuwa maji ni machachu, karibu yote imekaa katika ile sura isiyoua. Samaki wanaogelea juu ya sumu iliyolala. Siku unapoleta ndoo tatu za maji mapya yenye pH 8, unaiamsha yote kwa mara moja. Yule bwana hakukosea aliposema samaki wake walikufa kwa sababu ya kubadilisha maji. Alikosea alipohitimisha kwamba maji yasibadilishwe kamwe. Angeyabadilisha kidogo kidogo tangu mwanzo, sumu isingepata nafasi ya kulala.

Mabadiliko ya vifaa nitayapita haraka. Matangi ya awali yalikuwa na fremu ya chuma na vioo vilivyoshikizwa kwa putty ya fundi wa madirisha. Chuma kilishika kutu, hasa kwa maji ya bahari. Miaka ya 1960 ikaja gundi ya silikoni, kioo kikashikana na kioo bila fremu, na ndiyo maana leo fundi wa aluminiamu mwenye mkono mzuri anaweza kukutengenezea tangi kwenye kibanda chake. Mwambie tu asitumie silikoni yenye dawa ya kuzuia ukungu, ile ya mabafuni, kwa sababu dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Moto wa chini ya tangi ukaachia nafasi hita ya umeme, ambayo ukiwa Dar es Salaam hutaihitaji mwaka mzima lakini Nairobi mwezi wa Julai utaitafuta. Balbu zikawa taa ndefu, taa ndefu zikawa LED. Haya yote yalirahisisha kazi, lakini hayakujibu lile swali.

Lililokaribia kulijibu ni bamba la plastiki lenye matundu. Miaka ya 1950 kilienea kichujio cha chini ya changarawe. Unalaza bamba sakafuni mwa tangi, unamwaga changarawe juu yake, na mabomba mawili ya pembeni yanapandisha maji kwa nguvu ya mapovu. Maji yanavutwa kupitia kwenye changarawe, yanapita chini ya bamba, yanapanda tena. Wengi walidhani kazi yake ni kunasa uchafu, kama chujio la chai. Kumbe kila punje ya changarawe ilikuwa imegeuka makazi ya bakteria, na maji yenye oksijeni yanawapitia usiku na mchana. Tangi zima likawa kiwanda cha kuvunja amonia bila mwenyewe kujua kwamba amejenga kiwanda.

Na kwa kuwa hakujua, ilipofika siku ya usafi aliibomoa kazi yote. Alitoa changarawe, akaiosha kwa maji ya moto, akairudisha ikiwa inameta. Samaki wakafa ndani ya wiki. Ndicho nilichofanya mimi na tangi langu la kwanza, na nililia kwa samaki mmoja hasa, mwenye mkia wa buluu, ambaye alikuwa amezoea kuja mbele ya kioo kila nikiketi kula. Niliamini nilimwandalia nyumba safi. Ndiyo maana sikuweza kumlaumu mama jirani.

Sayansi ya jambo hili haikuwa siri. Miaka ya 1890 Sergei Winogradsky alikwisha kuonyesha kwamba kazi inafanywa kwa hatua mbili: bakteria wa kundi moja wanaigeuza amonia kuwa nitriti, wa kundi jingine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati. Wataalamu wa udongo na wa majitaka waliyatumia maarifa hayo mapema. Yalichukua miongo mingi kufika kwenye sebule. Nitriti nayo ni sumu: inaingia damuni kupitia matamvua na kuiharibu ile sehemu inayobeba oksijeni, hata damu inakuwa ya kahawia. Nitrati ni pole zaidi, na hiyo ndiyo unayoipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki, au kwa kuiacha mimea iile.

Kinachowashinda watu ni muda. Bakteria wengi tunaowajua, wa maziwa au wa chakula kilichoharibika, wanaongezeka maradufu kwa dakika au saa chache. Hawa wa amonia ni wavivu wa kuzaana. Wanaweza kuchukua karibu siku nzima kuongezeka maradufu, na wale wa nitriti wanawasubiri wenzao wawape chakula. Kwa hiyo tangi jipya lina ratiba yake. Wiki ya kwanza amonia inapanda. Baadaye inashuka, unafurahi, kumbe nitriti ndiyo inayopanda. Inakaa juu siku nyingi, mara nyingi hadi wiki ya tatu au ya nne, halafu kama mtu aliyezima taa, inaanguka. Kwa jumla ni wiki 4 hadi 6. Anayenunua tangi na samaki siku moja anawatia samaki kwenye mlima huo bila kuwapa hata kiatu.

Hata wataalamu wamerekebishana. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba anayekula nitriti tangini ni Nitrobacter. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Timothy Hovanec walionyesha kwamba kwenye matangi ya maji baridi kazi hiyo hasa ni ya Nitrospira. Hili lilikuwa na maana dukani, kwa sababu chupa ya bakteria iliyotengenezwa kwa kumfuata Nitrobacter ilikubebea kibarua wa kazi nyingine. Kisha mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yakatangaza kwamba wapo Nitrospira wanaozifanya hatua zote mbili wenyewe. Kundi moja liliwakuta kwenye kichujio cha mradi wa kufuga samaki. Kilichodhaniwa kwa zaidi ya karne kuwa ni lazima kigawanywe kwa viumbe wawili, kiumbe mmoja anakimudu.

Maarifa ya bakteria ndiyo yaliyougeuza utaratibu wa kuandaa tangi. Zamani kidogo walipojua habari za bakteria, watu walitia samaki wachache wagumu ili watoe amonia ya kuanzishia kiwanda; waliopona walipona, waliokufa walikufa. Siku hizi wafugaji wengi wanaojali hawaweki samaki kabisa mwanzoni. Unajaza maji, unawasha pampu na kichujio, halafu unawalisha bakteria peke yao. Ukipata amonia ya maji isiyo na sabuni wala manukato, unatia hadi kipimo kionyeshe miligramu 2 hivi kwa lita. Itikise chupa kwanza. Ikitoa povu linalokaa, ina sabuni, iache. Usipoipata, kipande cha kamba wa kuliwa kutoka soko la samaki la Feri ukikifunga kwenye kitambaa na kukiacha kioze tangini kinafanya kazi ileile, japo wenye nyumba watakununia kwa siku kadhaa. Unapima, unasubiri, unaongeza. Siku tangi litakapomaliza miligramu 2 za amonia ndani ya saa 24, na nitriti nayo ikasoma sifuri, limeiva.

Neno kuiva ndilo ninalolitumia nikimweleza mtu, kwa sababu kila aliyewahi kusubiri togwa anajua kwamba kuna vitu haviharakishwi kwa moto.

Njia ya mkato ya kweli ni moja tu: kuazima. Sifongo iliyokaa miezi kwenye tangi la mtu mwingine lenye samaki wazima ina jeshi zima tayari. Ikamue kwenye maji ya tangi jipya, au ukate kipande ukitie kwenye kichujio chako. Maji yatakuwa ya kahawia kama ya mto baada ya mvua, na mgeni akiingia atashangaa. Acha ashangae. Na unapoiosha sifongo yako, iminye kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Maji ya bomba yametiwa klorini ili yaue bakteria, na hayabagui. Klorini ya kawaida huondoka maji yakilala wazi kwenye ndoo usiku kucha, hasa ukitia pampu ya hewa. Lakini pale mamlaka inapotumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kulaza maji hakutoshi. Utahitaji dawa, na mojawapo ya zile za siku nyingi ni tiosalfeti ya sodiamu, chumvi ileile waliyoitumia wasafisha picha za filamu.

Sasa niseme kuhusu samaki wa kwetu, kwa maana kwao fundo la pH linakaza kuliko kwa samaki wengine wote. Sehemu kubwa ya samaki walioenea kwenye matangi ya Ulaya na Marekani katikati ya karne ya 20 walitoka maji laini na machachu ya Amerika ya Kusini na Asia. Katika maji hayo, kama tulivyoona, amonia inalala. Mfugaji aliweza kukosea leo na kesho na samaki akavumilia. Kisha miaka ya 1970 Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa na kituo chake Bujumbura, akawa anasafirisha nje samaki wa Ziwa Tanganyika: Tropheus wanaokwangua mwani kwenye miamba, frontosa wenye nundu kipajini na milia myeusi, na wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Ziwa lile lina pH inayokaribia 9. Mfugaji aliyewaigia samaki hawa maji yao alijikuta mahali ambapo theluthi ya amonia yoyote inayojitokeza ni ile inayoua. Makosa yaliyosameheka kwa wiki kadhaa yakawa hayasameheki hata usiku mmoja. Kwa maoni yangu, maziwa yetu yaliwafundisha wafugaji nidhamu ambayo mito ya Amazon haikuwahi kuwadai.

Yalibadilisha pia sura ya tangi. Badala ya kasri la plastiki na sanduku la hazina, yakaja mawe. Mawe hupangwa juu ya kioo chenyewe kabla ya kumwaga mchanga, kwa sababu samaki hawa wanachimba. Ukiliweka jiwe juu ya mchanga, siku moja watalichimbua chini yake na litavunja kioo au kumkandamiza mwenzao. Chokaa na matumbawe yaliyosagwa yanasaidia kuipandisha pH na kuizuia isishuke. Kwa Neolamprologus multifasciatus, samaki asiyezidi sentimita 5 ambaye ziwani anakaa kwenye makombe matupu ya konokono wa Neothauma, wafugaji wa Ulaya walitafuta makombe ya wale konokono wanaoliwa na Wafaransa. Niliwahi kuwatazama kwa saa nzima wakihamisha mchanga kwa midomo, punje kwa punje, hadi kombe likazama na kubaki tundu tu. Samaki mwenye akili ya nyumba namna hiyo hastahili bakuli. Bakuli la duara lenyewe, lenye uso mdogo wa kupokea hewa na maji yasiyotosha kuzimua chochote, lilipigwa marufuku na jiji la Roma mwaka 2005, na sijawahi kusikia hoja nzuri ya kulitetea.

Kuna jambo la kwetu ambalo maelekezo mengi kutoka nje hayaligusi: umeme ukikatika. Bakteria hawa wanapumua oksijeni. Kichujio kilichofungwa, kile cha mkebe kinachokaa nje ya tangi, kikizimika kwa saa nyingi, maji yaliyomo ndani yanaishiwa oksijeni, bakteria wanaanza kufa na uchafu unaanza kuoza. Umeme ukirudi kinayatapika yote tangini kwa mpigo. Nimeona samaki waliovumilia giza la siku nzima wakafa nusu saa baada ya taa kuwaka. Kwa hiyo mtaani kwetu nashauri sifongo iliyo wazi ndani ya tangi, inayosukumwa na pampu ya hewa, na pampu ndogo ya betri ya akiba. Umeme ukikatika, usiwalishe. Kichujio cha mkebe kikiwa kimezimika muda mrefu, kifungue ukisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kukiwasha.

Na mimea. Miaka ya 1990 Mjapani Takashi Amano aliwaonyesha watu kwamba tangi linaweza kupangwa kama mlima na bonde, kwa mawe, magogo na nyasi za majini zilizolishwa kaboni dayoksaidi kutoka kwenye mtungi. Ni kazi ya kupendeza sana, na ya gharama. Mwishoni mwa muongo uleule Mmarekani Diana Walstad akaja na njia ya upande mwingine: udongo wa kawaida chini, changarawe nyembamba juu yake, mimea mingi kuanzia siku ya kwanza, samaki wachache, vifaa vichache. Ukilitazama tangi la namna hiyo unaliona lile la Warington, tope lake, majani yake na konokono wake, ila safari hii mwenyewe anajua amonia inaliwa na nani. Kwa mtu asiye na uhakika wa umeme, hii ndiyo njia ninayoipa kura yangu, mradi aepuke samaki wanaong'oa mimea.

Kuna matangi ambamo mambo haya si ya mapambo tena. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na alipofurika miaka ya 1980, mamia ya aina za furu, samaki wadogo wasiopatikana penginepo duniani, yalipungua au kutoweka. Watafiti wa Kiholanzi waliokuwa Mwanza tangu miaka ya 1970 waliliona likitokea mbele ya nyavu zao. Baadhi ya aina hizo zimeendelea kuishi kwa sababu tu zilikwisha kuchukuliwa na kuzalishwa kwenye matangi, mengine ya taasisi, mengine ya watu binafsi majumbani. Mtu wa Mwanza aliyekula furu wa kukaanga utotoni anaweza leo kumkuta jamaa yake nyuma ya kioo, nchi ya mbali, akiwa hai kwa sababu kuna aliyejifunza kutoiosha sifongo kwa maji ya bomba.

Kwa mama jirani, jioni ile tulitoa nusu ya maji tukatia niliyokuwa nimeyalaza nyumbani kwangu, kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe. Nikamwomba asiwalishe kwa siku tatu. Tukatia chumvi kidogo isiyo na madini joto, kwa sababu kloraidi iliyomo kwenye chumvi inaizuia nitriti isiingie matamvuani. Kisha nikaenda kuleta sifongo yangu ya miaka miwili, nikaikamua mbele yake. Aliyatazama maji yake maangavu yakigeuka tope, akashika kiuno. "Mwanangu, una uhakika?"

Mmoja alikufa usiku ule. Wawili walishuka chini siku ya tatu na kuanza kuchokonoa changarawe. Wiki ya sita aliniletea vichupa viwili vya kipimo hadi mlangoni kwangu, akaviinua kwenye mwanga wa taa ya kibarazani. Amonia ilikuwa ya njano, yaani sifuri. Nitriti ilikuwa ya buluu ya mbingu, nayo sifuri. Alitaka kujua kama kesho anaweza kwenda kuongeza wawili, na kama wawili ni wengi mno kwa mara moja.